Dari ya sebule ina doa chini ya bafu la juu. Kabla sijabomoa marumaru, naomba mawazo

Kibuyu Kizito (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Nyumba yangu ni ya ghorofa, bafu liko juu na chini yake ni sebule. Sakafu ya juu ni ya mbao, dari ya sebule ni jipsamu. Kuna doa la kahawia limejitokeza pale darini, katikati limefifia na ukingoni lina mstari uliokolea. Lilianza dogo, sasa linatanuka. Maji hayadondoki, ila ukipagusa siku nyingine unakuta pamepoa na pamelainika.

Huko juu kuna shawa ya kusimama. Chini ina trei nyeupe ya plastiki ngumu, kuta zina marumaru, mlango ni wa kioo. Nimeita fundi, akatazama kidogo akasema maji yanapita kwenye grauti (ule ujazo wa kati ya marumaru na marumaru), tubomoe marumaru zote, tupake upya dawa ya kuzuia maji. Sijakataa, ila najiuliza amejuaje? Kuna namna ya kuthibitisha kabla nyundo haijaanza kazi?

nondo_kumi

Pole mkuu. Piga silikoni kila kona, kila mshono, kuzunguka trei, kuzunguka koki. Kazi imeisha, hamna haja ya kubomoa.

Dada Rula

Halafu doa likiendelea, utajua kipi kimeshindikana? Silikoni ya kumwaga kila mahali inaficha ushahidi. Mleta uzi, vuta subira, kuna watu humu wanaijua hii kazi.

Mpita Njia

Nimeweka kiti hapa, wataalamu wakija mniamshe.

FundiTaratibu

Mkuu usibomoe kwanza. Fundi wako anaweza kuwa sahihi, lakini kwa kutazama tu hajui, na mimi nikiwa huku sijui pia. Maji ya shawa yana njia nne za kufika kwenye dari yako, na kila njia ina saa zake.

Kuna bomba zinazoleta maji hadi kwenye koki ya kuchanganyia moto na baridi. Hizo zina presha usiku na mchana. Zikivuja, zinavuja hata nyumba ikiwa haina mtu, doa halipati nafasi ya kukauka, na haichukui muda kabla maji hayajaanza kudondoka. Kuna kipande cha bomba kinachopanda ukutani kutoka kwenye koki hadi kichwa cha shawa. Hicho hakina presha mpaka ufungue, kwa hiyo huvuja wakati wa kuoga peke yake. Kuna upande wa kutolea maji: tundu la kwenye trei, raba yake, sifoni iliyo chini (kile kipande kilichopinda kinachobaki na maji), na bomba la maji machafu. Na kuna maji ya juu juu, yanayopenya kwenye mishono ya grauti, silikoni iliyobanduka, mlango, au nyuma ya lile bamba la duara linalozunguka koki. Hilo bamba watu wengi hawalifikirii. Nyuma yake kuna tundu kubwa ukutani, na likilegea maji yanaingia moja kwa moja.

Anza na swali la lini panavuja, la wapi litajijibu lenyewe. Chukua penseli, chora ukingo wa doa lilivyo leo. Kisha mwache kuoga humo kwa muda, mtumie bafu jingine kama lipo, na uangalie kama doa linavuka mstari. Wakati huohuo funga koki zote za nyumba, soma mita ya maji, subiri kama saa 1 bila mtu kutumia maji, usome tena.

Dada Rula

Naongezea kwenye la mita. Kama nyumba inalishwa na tangi la juu, mita inaweza isikuambie kitu, maana uvujaji uko baada ya tangi. Hapo funga maji yanayoingia tangini, weka alama ya usawa wa maji ndani ya tangi, utazame usawa badala ya mita.

Na vyoo msisahau. Choo kinachovuja kimya kimya ndani ya bakuli kitazungusha mita, mtaanza kuishuku shawa bure.

Mzee Kobe

Vijana, kabla ya vipimo vyote hivyo, kuna taa karibu na hilo doa? Kama ipo, zima swichi ya mzunguko wake kwenye boksi la umeme. Maji hupenda tundu la taa kwa sababu ndipo penye uwazi. Na dari ikianza kutuna, usiiache ijipasue yenyewe. Weka ndoo chini, toboa kitundu kwa bisibisi katikati ya uvimbe, maji yatoke taratibu. Jipsamu ikibeba maji mengi huanguka kipande kizima, na kipande cha jipsamu kilicholowa ni kizito.

Jambo jingine: doa halikai lazima chini ya tatizo. Maji yanatembea juu ya mbao, yanafuata bomba, yanasimama penye msumari au maungio ya bodi ndipo yashuke. Nimeona doa liko upande mmoja wa chumba na tatizo liko upande wa pili.

Kibuyu Kizito

Shukrani wakuu. Taa iko mbali kidogo ila nimeizima. Nyumba yetu haina tangi, mita haikusogea kabisa. Tuliposimamisha kuoga humo, doa halikuvuka penseli, na pakakauka pakawa pagumu. Tuliporudi kuoga, jioni pakawa na ubaridi tena.

FundiTaratibu

Safi sana. Bomba za presha ya muda wote tumeziondoa kwenye orodha. Sasa tunatenganisha zilizobaki. Kanuni ni moja: jaribio moja kwa wakati, na baada ya kila jaribio subiri. Maji yanahitaji muda kupita kwenye mbao na karatasi ya jipsamu. Ukifanya majaribio yote asubuhi moja kisha doa likaloa mchana, hujajifunza chochote.

Anza na upande wa kutolea. Beba maji kwa ndoo, mimina polepole moja kwa moja kwenye tundu bila kugusa ukuta wala kulowesha ukingo wa trei. Mimina ndoo kadhaa. Ukitaka, tia rangi ya chakula ili yakitokeza chini uyatambue. Kukiwa kukavu, siku nyingine jaribu bomba linalopanda. Zungusha kichwa cha shawa ukitoe, kaza kifuniko cha bomba chenye nyuzi za kuzungusha mahali pake, ufungue koki. Hapo bomba lina presha kamili na hakuna tone linalogusa ukuta. Fungua na ya moto pia, kwa sababu bomba likipata joto hutanuka na ufa unaweza kujionyesha wakati huo tu.

Halafu trei yenyewe. Ziba tundu, jaza maji yasifike ukingoni, weka alama, uyaache. Mwisho kuta. Tumia shawa ya mkono, anza chini kwenye maungio ya trei na ukuta, panda kidogo kidogo. Ukianza juu, maji yanateremka na kulowesha kila kitu, hutajua yalipoingilia. Koki na bamba lake vipe zamu yao, na mlango upe zamu yake.

Zege Tupu

Samahani kuingilia uzi wa mtu. Mimi bafu langu liko juu ya slabu ya zege, halina trei, sakafu ni marumaru tu. Chini rangi inabanduka na kuna unga mweupe unatoka kwenye plasta. Vipimo ni hivyohivyo?

FundiTaratibu

Mkuu huo unga ni chumvi. Maji yanayeyusha chumvi zilizo ndani ya saruji, yanazibeba hadi usoni, yenyewe yanakauka na kuziacha. Ukiuona ujue maji yamepita humo mara nyingi, si ajali ya siku moja.

Kwenye zege kipimo kikuu ni cha kufurika. Ziba tundu la sakafu kwa kizibo kinachobana vizuri, jenga kizuizi mlangoni, jaza maji kina cha sentimita chache, uyaache saa 24. Kwa kuwa maji hupungua pia kwa kukauka hewani, weka beseni la maji humohumo bafuni na alama yake. Sakafu ikishuka kuliko beseni, maji yanakwenda chini. Ila kabla ya kujaza, hakikisha hakuna taa inayotiririsha maji huko chini, kwa sababu ndani ya zege maji hufuata mirija ya nyaya za umeme na kutokeza kwenye taa, hata kama bafu liko chumba cha pili.

Na hapa niseme kitu ambacho kitawaudhi wengi. Grauti ya kawaida ya saruji haizuii maji. Hata iwe mpya, hata uipake dawa juu, inanyonya. Kinachozuia maji ni tabaka lililo chini ya marumaru. Kama kipimo kimeonyesha kwamba tabaka hilo limekufa, kubadilisha grauti kutakupa nafuu ya muda, kisha mtarudi palepale. Kwako wewe kubomoa kunaweza kuwa ndiyo dawa. Mleta uzi bado.

Zege Tupu

Nikibomoa, fundi nimsimamie kwenye nini hasa?

FundiTaratibu

Mteremko kuelekea tundu, kama sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Chini ya hapo maji yanasimama. Kona zote ziwekewe utepe wa wavu au wa mpira kabla ya kupaka, maana nyufa huanzia konani. Dawa ipakwe angalau mikono 2 (yaani mara 2), wa pili ukikatiza wa kwanza, na wa kwanza uwe umekauka. Ipande ukutani, usikubali iishie sakafuni, na sehemu ya shawa ipande hadi juu ya kichwa cha shawa kama inawezekana. Maungio ya dawa na tundu la sakafu ndipo mafundi wengi wanapokimbia, simama hapohapo. Kisha rudia kipimo cha kufurika kabla ya marumaru kuwekwa. Fundi akigoma kipimo hicho, tafuta mwingine.

Kibuyu Kizito

Wakuu nimerudi, na nimechanganyikiwa. Ndoo kwenye tundu: pakavu. Bomba linalopanda na kifuniko, baridi kisha moto: pakavu. Trei imejazwa ikalala na maji: usawa haukushuka, pakavu. Kuta kuanzia chini, koki, mlango: pakavu. Kati ya majaribio nimesubiri kama mlivyosema. Halafu mke wangu ameoga kawaida, jioni doa limeloa!

nondo_kumi

Hahaha. Si nilisema silikoni mapema?

Mpita Njia

Hii sasa ni tamthilia. Nani anavuja, shawa au shemeji?

Dada Rula

Heshima kidogo, Mpita Njia.

Kibuyu, katika majaribio yote hayo, kuna wakati wowote mtu alikuwa amesimama ndani ya trei?

Kibuyu Kizito

Hapana. Nilikuwa nje ya mlango, nanyoosha mkono ndani nisilowe.

Dada Rula

Basi kuna kitu kimoja hamjakiweka kwenye kipimo: uzito wa mtu. Panda kwenye trei ikiwa kavu, hamisha uzito mguu hadi mguu karibu na tundu. Inalia? Inabonyea?

Kibuyu Kizito

Inalia. Imekuwa ikilia siku zote, tukaona ndivyo zilivyo. Na nikisimama karibu na tundu naona silikoni ya ukingoni inaachia ukuta kidogo, nikitoka inarudi.

FundiTaratibu

Dada Rula umenipita leo, na nakubali. Hapo ndipo penyewe. Trei ya plastiki inatakiwa ikae juu ya kitanda cha mchanga na saruji bila uwazi chini. Ikiwekwa juu ya madonge machache pembeni, katikati inabaki hewani. Kila mtu akisimama, inashuka, na tundu linashuka nalo, lakini bomba la chini halishuki. Raba inasuguliwa, nati inalegea taratibu. Bila mtu juu, raba inarudi mahali pake na kuziba. Ndiyo maana ndoo yako haikuonyesha kitu.

Rudia hivi: mtu mmoja asimame juu, maji yakienda kwenye tundu, mwingine awe chini akitazama. Na ili atazame kitu cha maana, kata dari.

nondo_kumi

Akate dari? Si tulikuwa tunazuia kubomoa?

FundiTaratibu

Tulikuwa tunazuia kubomoa kusikojulikana. Dari pale penye doa itakatwa tu, ile jipsamu imelainika na haifai tena. Kuirudishia ni kazi ndogo: kipande cha bodi, utepe, skimu (ile plasta laini ya kusawazisha), rangi. Ukiingilia juu, unavunja marumaru nzima na trei huenda ikapasuka wakati wa kuing'oa. Siku zote ingilia upande ambao tayari umeharibika.

Kata mraba kwa msumeno mdogo wa mkono, usitumie mashine. Usizamishe msumeno zaidi ya unene wa bodi, maana hujui kuna waya au bomba gani juu yake. Umeme wa eneo hilo uwe umezimwa. Vaa barakoa na miwani, na ukiona ukungu mweusi upande wa juu wa karatasi usiupigepige.

Mzee Kobe

Na anayetazama asikae chini ya tundu moja kwa moja. Aweke ndoo, yeye asimame pembeni na tochi. Maji ya kwenye sifoni si ya kunawia uso.

Kibuyu Kizito

Nimeona kwa macho yangu. Kijana wangu amesimama juu, mimi chini na tochi. Akisogea karibu na tundu, tone linajikusanya chini ya nati kubwa, linashuka kwenye ubao, linateleza kufuata ubao hadi penye maungio ya bodi. Akitoka, linakoma. Nati nimeigusa kwa vidole tu ikazunguka. Na kuna uwazi wa kuingia mkono mzima kati ya ubao na trei upande ule, donge la saruji liko mbali huko pembeni.

Sasa nikaze nati, basi?

FundiTaratibu

Ukikaza nati tu, itashika kwa muda na kulegea tena, kwa sababu trei bado inacheza. Shughulikia yote mawili, na anza na kilichosababisha.

Toa sifoni na tundu lote (yaani kile kifaa cha kutolea maji kinachokaa kwenye shimo la trei), upate nafasi. Changanya mchanga na saruji iwe kavu kavu, ya kushikana ukiifumbata, isiwe uji. Ishindilie kwa mkono kupitia uwazi wa chini, kuzunguka eneo la tundu, mpaka trei ikae bila kubonyea. Usiisukume hadi ikainuka, utaharibu mteremko. Acha igande kabla mtu hajakanyaga. Wapo wanaopuliza povu la kutanuka. Mimi silipendi, likizidi linainua trei katikati na maji yanakimbilia pembeni.

Kisha weka tundu jipya na raba mpya. La zamani usilirudishe, raba ikishabanwa upande mmoja hairudi kuwa bapa. Futa trei juu na chini ya shimo mpaka iwe kavu na laini. Kaza kwa mkono, malizia na spana kidogo. Ukiona raba inajikunja au inatokeza upande, umezidisha.

Dada Rula

Na ile silikoni ya ukingoni iliyokuwa ikiachia, itoe yote. Silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani, hata ionekane imekaa vizuri. Kwangua, futa kwa spiriti, acha ikauke kabisa. Weka mabeseni ya maji ndani ya trei ili mshono uwe katika upana wake mkubwa, ndipo upige silikoni, na uache uzito humo mpaka ishike. Kwa kawaida saa 24 kabla ya kuoga. Kwenye kona za ukuta kwa ukuta pia iwe silikoni, si grauti. Pande mbili zinazokutana husogea kila moja kivyake, na grauti hupasuka.

Kibuyu Kizito

Imefanyika. Nimetafuta fundi mwingine kwa ajili ya tundu, silikoni nimepiga mwenyewe. Tumerudia kipimo cha mtu juu na tochi chini kabla ya kufunga dari, na tumeendelea kuoga kawaida huku tundu la dari likiwa wazi, karatasi nyeupe imelazwa pale juu ya ubao ili tone lolote liache alama. Karatasi ni safi. Trei hailii tena, mke wangu anasema bafu limekuwa kimya mno.

Swali la mwisho: doa lililobaki kuzunguka pale nilipokata, nipake rangi ya kawaida juu yake?

Dada Rula

Rangi ya maji ukiipaka moja kwa moja, doa litarudi. Ule ukahawia ni uchafu na rangi ya mbao na karatasi iliyoyeyuka, na ndiyo maana ukingo umekolea, maji yanapokauka yanauacha pale yalipoishia. Ukiweka rangi ya maji unauyeyusha tena, unapanda hadi juu.

Kwanza bonyeza kwa kidole kuzunguka ulipokata. Kila palipo laini kata, hata kama mraba utakuwa mkubwa. Kata mpaka ufike katikati ya upana wa ubao kila upande, ili kipande kipya kipate pa kupigiliwa. Acha juu pakauke kabisa, feni ikisaidia. Penye ukungu kwenye mbao, sugua na ukaushe. Kisha bodi mpya, utepe, skimu, msasa. Halafu praima (rangi ya kwanza ya chini) ya kuzuia madoa, ile ya mafuta, kwenye eneo lote lenye doa na sentimita kadhaa nje yake. Ikikauka ndipo rangi yako, na upake dari nzima, maana kiraka kitaonekana mchana.

Zege Tupu

Kwangu beseni na sakafu vimetofautiana wazi. Nabomoa. Nitafungua uzi wangu nikifika kwenye dawa.

nondo_kumi

Sawa, nimenyoosha mikono. Ila nina langu: mlango wa kioo wa shawa unatoa maji chini kwenye reli. Silikoni niipige ndani au nje?

FundiTaratibu

Nje tu. Ndani uache wazi na vitundu vya reli uvisafishe, maji yanayoingia kwenye reli yapate njia ya kurudi kwenye trei. Ukiziba ndani, yakishaingia yanakwama humo na kutafuta sakafu yako.

nondo_kumi

Nilikuwa nimeshika bunduki ya silikoni tayari. Naiweka chini.